Dera ni Lako, Picha ni ya Nani?

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa mtandaoni na wapiga picha, Dar es Salaam



Niliombwa nizungumzie ulinzi wa sheria dhidi ya wanaochukua picha za bidhaa za wenzao na kuzitumia mtandaoni bila ruhusa. Lalamiko lenyewe mnalijua kuliko mimi. Mwenye duka la madera pale Kariakoo anampeleka msichana studio, anampamba, anamlipa mpiga picha, anaposti. Kabla ya magharibi picha ileile iko kwenye kurasa nyingine tatu, jina la duka limekatwa, na chini yake pameandikwa "mzigo umeingia, bei dm". Kurasa mbili ni za wenye madera kweli. Wa tatu hauna dera hata moja. Una namba ya kupokelea pesa tu, na atakayelipa atablokiwa usiku uleule.

Mwenye duka akija kwa wakili huyaleta yote hayo kwa pamoja, na hasira juu yake. Wakili akimsikiliza vizuri ataona kuna mashauri matatu yaliyofungwa kamba moja: la picha, la wateja waliodanganywa, na la sura ya yule msichana. Kila moja lina sheria yake na ofisi yake. Nitatumia muda mwingi kwenye la kwanza, maana ndilo lisiloeleweka zaidi, na kwenye swali ambalo wengi hawapendi niwaulize: hiyo picha unayoililia, una hakika ni yako?

Naomba nianzie mbali, kwenye chupa ya pombe. Wasiokunywa mnisamehe, kwa shughuli yetu ya leo chupa ni tupu.

Mwaka 1993 mpiga picha wa San Francisco, Joshua Ets-Hokin, alipewa kazi na kampuni ya vodka ya Skyy apige picha za chupa yao, ile ya kioo cha bluu. Akapiga, akawapa ruhusa ya kuzitumia kwa mipaka. Baadaye kampuni ikasema haikuridhika nazo, ikatafuta wapiga picha wengine, nao wakaipiga chupa hiyohiyo: imesimama wima, inatazama mbele, nyuma yake mandhari tupu. Ets-Hokin akaenda mahakamani akidai kwamba picha zake zimetumika nje ya ruhusa aliyotoa, na kwamba za wenzake zimenakiliwa kutoka zake.

Utetezi wa kampuni nimeusikia Kariakoo mara nyingi, kwa Kiswahili na bila wakili. Chupa ni yetu, umbo ni letu, nembo ni yetu. Huyu kabonyeza kitufe tu, anadai nini? Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliyopo San Francisco iliukataa utetezi huo. Ilisema chupa ni chombo cha matumizi, haina hakimiliki. Picha inayo. Aliyeipiga alichagua pembe, mwanga, kivuli na mandhari, na uchaguzi huo, hata ukiwa mdogo, unatosha kuifanya picha kuwa kazi ya mtu. Mpiga picha akashangilia.

Kesi ikarudi chini, ikapanda tena, na mwaka 2003 mahakama ileile ikamwangusha. Haikubadili maneno yake ya mwanzo. Ilisema picha zake zina hakimiliki, lakini njia za kupiga tangazo la chupa ya bluu si nyingi. Ukiondoa yale ambayo kila mpiga picha wa chupa hana budi kuyafanya, kinachobaki ni chembamba, na wembamba huo unamlinda mtu dhidi ya nakala inayolingana na yake karibu kwa kila kitu. Picha za wenzake zilikuwa na mwanga tofauti, pembe tofauti, vivuli tofauti. Kilichofanana ni chupa, na chupa haikuwa yake.

Nimeichagua kesi hiyo ingawa haifungi mahakama zetu, kwa sababu hukumu zake mbili zikisomwa pamoja zinaeleza hali yenu vizuri kuliko maelezo mengi. Haki katika picha ya bidhaa ni kali, lakini eneo lake ni dogo. Jirani akichukua faili lako na kuliposti, hata kama amekata kona na kubadili rangi, ameingia ndani ya eneo hilo na sheria iko upande wako. Jirani akinunua dera kama lako, akamsimamisha msichana mwingine mbele ya ukuta mweupe akapiga picha inayofanana na yako, yuko nje. Anaweza hata kukuiga mkao. Utakasirika, na hasira yako nitaielewa, lakini huna kesi. Wazo la kulipiga dera likipepea kwenye ngazi za hoteli halina mwenyewe.

Wapo wanaoona dhuluma katika hilo. Mimi naona busara. Fikirieni mtu wa kwanza kupiga picha ya sufuria kwa mbele angemiliki kila picha ya sufuria kwa mbele. Nani angeuza sufuria mtandaoni?

Sasa turudi nyumbani. Tanzania Bara inatawaliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Anayeuza Darajani asije akabeba fomu za Bara. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 chini ya KECOBO, na Uganda ina yake ya mwaka 2006. Zote zinaitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa. Hakuna inayouliza kama picha ni nzuri, wala kama imepigwa kwa kamera ya milioni tano au kwa simu iliyopasuka kioo.

Hakuna pia inayosema usajili kwanza. Hili nalirudia kila ninapozungumza, na kila mara kuna anayebisha. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unazuia nchi wanachama kuifanya haki ya mtunzi itegemee usajili au taratibu nyingine. Haki inazaliwa picha inapopigwa. Alama ile ya herufi C ndani ya duara si sharti. Usajili COSOTA au KECOBO ni wa hiari na kazi yake ni ushahidi: siku ya ubishi una karatasi ya serikali inayoonyesha tarehe na jina. Kwa anayepiga katalogi ya msimu mzima ni karatasi yenye thamani. Kwa picha moja ya viatu vya mtumba itakayokufa Ijumaa, sidhani.

Kuna wakati jambo hili halikuwa wazi. Picha za kamera zilipotangazwa duniani mwaka 1839, watu wa sheria walisumbuka nazo kwa miongo kadhaa: mchoraji anatunga, lakini kamera si mashine tu inayonasa kilichopo? Huko Marekani jibu lilipatikana mwaka 1884. Mpiga picha wa New York, Napoleon Sarony, alikuwa amempiga picha mwandishi Oscar Wilde, kisha kampuni ya uchapaji ikatoa nakala 85,000 bila ruhusa. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikasema Sarony ni mtunzi, kwa kuwa ndiye aliyempanga Wilde, nguo zake, mkao wake, mwanga na kivuli. Mkataba wa Berne wenyewe uliotiwa saini mwaka 1886 ulikuja kuzibeba picha sawasawa katika marekebisho ya Berlin ya mwaka 1908. Anayewaambia leo kwamba "ni picha tu" amechelewa zaidi ya miaka mia moja.

Kama mtunzi ni yule aliyepanga, basi katika habari yetu ya dera mtunzi ni nani? Hapa ndipo sura za wenye maduka hubadilika.

Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba mtunzi wa picha ni yule anayewajibika kwa mpangilio wake. Mwenye dera hatajwi, wala mwenye simu, wala aliyelipia studio. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kwamba picha ya dera lako ni ya mpiga picha. Kenya imeweka daraja: kazi ikiagizwa, au mwajiriwa akiifanya katika ajira yake, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Ets-Hokin angepigia picha zake Nairobi, kesi yake ingeanza na swali la nani aliagiza na mlikubaliana nini. Ndiyo maana sipendi wakili anayemjibu mfanyabiashara wa mpakani kwa sentensi moja, kana kwamba Namanga hakuna mstari.

Kwenu nasema andikeni. Huhitaji kurasa kumi zenye mihuri. Ujumbe wa WhatsApp unaosema picha 40 za madera ya Idi zimelipiwa, duka litazitumia kwenye kurasa zake zote na kwenye mabango kwa miaka mitatu, mpiga picha anaweza kuzionyesha kama mfano wa kazi zake, na duka lina haki ya kudai picha zikiibwa, ukajibiwa "sawa, nimekubali", umeshawatoa wengi kwenye matatizo. Ukitaka hakimiliki yenyewe ihame, hapo fanyeni karatasi yenye saini. Wapiga picha msinikunjie uso. Ninyi pia mnapata hasara msipoandika: duka linakulipa picha za Instagram, kisha unajiona kwenye bango la barabara ya Morogoro na huna pa kuanzia.

Halafu kuna picha za kiwandani, na naomba tusitazamane kwa aibu. Sehemu kubwa ya picha za bidhaa zinazozunguka kwenye simu za Dar es Salaam hazikupigwa Dar es Salaam. Zilipigwa Guangzhou au Yiwu kwa ajili ya katalogi ya muuzaji wa jumla, zikawekwa Alibaba, zikachukuliwa na mtu wa kwanza Kariakoo, akapachika jina la duka lake, na sasa analalamika kuwa mtu wa pili amemwibia. Huyo wa kwanza hana cha kudai katika hakimiliki. Jina alilolipachika halikumpa umiliki, limempa ujasiri tu. Kama kiwanda kilimpa ruhusa, kwa kawaida ni ruhusa ileile waliyopewa wanunuzi wote, hivyo hawezi kumzuia mwenzake. Anayeweza kudai ni aliyeko China, nchi ambayo ni mwanachama wa Berne kama sisi, na haki yake inatambuliwa hapa kama ingekuwa ya Mtanzania.

Mkinunua mzigo kwa wingi, mwombeni muuzaji aandike kwamba mnaruhusiwa kutumia picha zake kutangaza mzigo huo. Wengi hukubali, maana wanataka muuze. Lakini kumbukeni kuwa mnaunganisha picha moja na mizigo mingi: dera la kwenye picha limeshonwa kwa kitambaa kingine, lililofika ni jepesi linaonyesha ndani. Mteja akilalamika, swali la hakimiliki linakuwa dogo kuliko yote.

Niseme kidogo juu ya kanga, maana wauzaji wake wananiuliza sana. Ukiitandaza kanga na kuipiga kwa juu, wima, mji na pindo vionekane, umefanya kazi safi lakini ubunifu wako ni mdogo mno. Mwaka 1999 mahakama ya New York, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, ilikataa kuzipa hakimiliki picha zilizonakili michoro ya zamani kwa uaminifu, kwa kuwa uaminifu huo ndio uliofuta ubunifu. Na chini ya picha yako kuna kazi ya mtu mwingine: mchoro wa kanga yenyewe. Mombasa, mtaa wa Biashara, ukoo wa Kaderdina Hajee Essak umekuwa ukichapa kwenye vitambaa maneno "K.H.E. Mali ya Abdulla", na kwa vizazi wanawake wa Pwani wameyasoma pindoni. Maneno hayo hayajamzuia mwigaji anayetaka kuiga, ila yamemwondolea nafasi ya kusema hakujua. Jina la duka mnalolipitisha katikati ya picha lina faida hiyohiyo. Na katika Kenya kuna nyongeza: sheria inahesabu kuondoa au kubadili taarifa za kielektroniki zinazomtambulisha mwenye haki kuwa ni uvunjaji kwa nafsi yake.

Utetezi wa pili utakaousikia ni huu: "Niliikuta mtandaoni, iko wazi kwa kila mtu." Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu hilo tarehe 7 Agosti 2018. Mwanafunzi wa shule moja ya Ujerumani alikuwa amepakua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti ya safari, ambako mpiga picha Dirk Renckhoff aliiruhusu iwekwe, akaitumia kwenye kazi ya darasani, na shule ikaiweka kwenye tovuti yake. Hakuna aliyeuza kitu. Hata jina la tovuti ilikotoka lilitajwa. Mahakama ikasema kuipakua na kuipandisha mahali pengine ni kuitangaza upya kwa hadhira mpya, na ruhusa inahitajika. Sababu yake ni nzito kuliko inavyoonekana: mpiga picha akiiondoa picha yake kule alikoiruhusu, bado ingeendelea kuishi kwingine, na haki yake ya kusema basi ingekuwa jina tu.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2013, baraza la wazee wa mahakama New York lilimpa mpiga picha Daniel Morel dola milioni 1.2 dhidi ya AFP na Getty, kwa picha alizopiga kwenye tetemeko la Haiti la mwaka 2010 na kuzituma Twitter. Mashirika yenye mawakili wa kulipwa kwa saa yaliona picha ikiwa mtandaoni ni ya kuchota.

Kwa hiyo "picha kwa hisani ya mtandao" haimwokoi mtu. Kutaja chanzo ni adabu, na pia ni kukiri kwamba ulijua si yako. Kushea kwa kitufe cha mtandao wenyewe ni jambo jingine, maana kitufe kinamrudisha mtazamaji kwenye ukurasa wa mwenyewe, na masharti uliyoyakubali ulipofungua akaunti yanakiruhusu. Skrinishoti iliyokatwa ikapostiwa upya haina kinga hiyo.

Shauri la pili, la wateja, nitalipita haraka. Ukurasa ule wa tatu, usio na dera, haukuvamia picha yako tu. Ulitumia picha yako kuwaibia watu. Hapo usikimbilie COSOTA. Nenda polisi, na taja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo ina makosa ya udanganyifu kwa njia ya kompyuta na ya kujifanya mtu mwingine. Waambie wateja waliotapeliwa waje wenyewe, kwa sababu waliopoteza pesa ni wao. Mshindani halisi anayewafanya watu waamini kuwa duka lake ni lako ana kesi ya aina nyingine: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa kazi hiyo. Ukiwa umesajili nembo yako BRELA, mzigo wako unakuwa mwepesi sana. Wengi wenu mna wafuasi laki moja na hamna nembo iliyosajiliwa.

La tatu ni la yule msichana, na mara nyingi lina nguvu kuliko la mwenye duka. Nchini Kenya, kwa kutumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 mwishoni mwa mwaka 2022, katika shauri lililoanza kwa picha ya mtu kuwekwa kwenye Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 klabu ya Casa Vera ya Nairobi ikatozwa shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Sura ni taarifa binafsi. Ukurasa ulioiba picha ya dera umechukua pia sura ya mtu asiyewajua, na mtu huyo anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe hata kama duka limeamua kunyamaza. Ila maduka nayo yajiangalie: kama msichana alikubali kupigwa kwa msimu mmoja na wewe unamposti mwaka wa tatu, malalamiko yatakufikia wewe kwanza.

Sasa, ufanye nini picha ikiibwa leo? Usianze kwa kumtukana mtu kwenye maoni. Atafuta, atakublock, na utakuwa umemsaidia kusafisha ushahidi. Anza kwa kukusanya. Piga skrini ukurasa mzima, jina la akaunti lionekane, tarehe ionekane, nakili na anwani ya posti. Mwombe mtu mwingine naye aifungue kwa simu yake, awe shahidi. Kisha tafuta faili la asili. Picha ikipigwa, simu huandika ndani yake tarehe, saa na aina ya kifaa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo hupotea na picha hubanwa. Wapo wanaofuta picha kwenye kamera baada ya kuzituma, wakabaki na nakala iliyobanwa kama ile ya mwizi. Mahakamani mtafanana. Hifadhi faili la asili, na hifadhi hata zile picha zilizokataliwa, ambamo msichana amefumba macho. Mwizi hawezi kuwa nazo.

Ukishakusanya, peleka notisi kwa mtandao wenyewe. Instagram na Facebook zina fomu za kuripoti uvunjaji wa hakimiliki, na nyuma ya fomu hizo ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayoipa kampuni kinga ikiwa itaondoa haraka kilicholalamikiwa. Ndiyo maana zinasikiliza. Kinga yao inategemea kusikiliza. Fomu hujazwa na mwenye haki au aliyepewa mamlaka naye, kwa hiyo tunarudi kwenye ule ujumbe wa WhatsApp na mpiga picha wako. Aliyeondolewa anaweza kujibu kwamba kuna makosa, na kwa utaratibu wa sheria hiyo maudhui hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi kama hujafungua shauri. Kutoa taarifa za uongo kwenye notisi kuna gharama kisheria. Nalisema hilo kwa sauti kwa sababu wapo walioigeuza fomu hii kuwa rungu la kumwangushia mshindani ukurasa wiki ya sikukuu.

Kwa mitandao na tovuti zinazohifadhiwa hapa nchini, Sheria ya Makosa ya Mtandao inakuruhusu kumpelekea mtoa huduma taarifa ya maandishi ya kuondoa maudhui: jina na anwani yako, saini, haki unayodai imevunjwa, mahali maudhui yalipo, na hatua unayotaka ichukuliwe.

Sheria hiyohiyo ina adhabu kwa anayetumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu. Kama hakufanya kwa biashara, faini si chini ya shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kama ni kwa biashara, si chini ya milioni 20 au miaka mitano, au vyote. Nikiwa mbele yenu nasema wazi kwamba sizipendi adhabu hizi zisizoshuka. Binti anayeuza madera mawili kwa wiki akiwa chumbani kwao Mbagala, aliyechukua picha ya mwenzake, anafanya biashara, kwa hiyo kinamngoja kiwango cha milioni 20. Hakimu atasita, polisi watasita, au wasisite na adhabu itumike kumtishia mtu amalizane nje. Sheria ya namna hiyo haimsaidii mwenye picha. Anachotaka ni picha iondolewe, gharama ya studio ilipwe, na mtu asirudie. Hayo yapo katika upande wa madai wa Sheria ya Hakimiliki, yaani zuio na fidia, lakini kufika huko kunahitaji wakili, muda, na hesabu ya hasara ambayo wengi wenu hamwezi kuionyesha. Wekeni risiti za studio. Fidia huanza na namba, na risiti ya shilingi laki tatu ni namba.

Nimalizie kwa jambo ambalo sina dawa yake. Mwaka 2019 Kenya iliirekebisha sheria yake ya hakimiliki na kuweka utaratibu wa notisi: mtoa huduma akipokea notisi iliyo sahihi, afunge maudhui ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa amepata jibu la kupinga, na anayetoa notisi ya uongo anatenda kosa la jinai. Ni utaratibu mzuri, na ningependa Sheria yetu ya mwaka 1999 ipate wake wenye saa zinazohesabika. Lakini biashara yenu kubwa siku hizi inapita kwenye status ya WhatsApp na stori za Instagram, na hizo hudumu saa 24. Picha ikiibwa Ijumaa jioni, ikawekwa status, imeuza Jumamosi na imejifuta yenyewe kabla saa ya kwanza ya kazi ya Jumatatu haijaanza kuhesabiwa. Ndani ya status hakuna posti ya kunakili anwani yake, na anayeiona ni yule tu ambaye namba yake imehifadhiwa, kwa hiyo mwenye picha huenda asijue kabisa. Kinachobaki ni mteja mwaminifu anayepiga skrini na kukutumia. Mwambieni mteja huyo asikate juu, namba na saa zionekane.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona mikono mitatu imeinuliwa tangu nilipotaja picha za kiwandani. Nadhani tuanze na hiyo.